Kura ya Berlin, kodi ya Pangani

Tarehe 2 Februari 1889 Ujerumani ilitia saini sheria fupi yenye jina refu: sheria ya kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na marki milioni 2. Fedha hizo zilimleta Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa kuzima uasi wa pwani, zikalipa askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri na wengine waliochukuliwa Msumbiji, zikanunua silaha na vyombo vya majini. Kabla ya mwaka kwisha, tarehe 15 Desemba, Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa uasi huo, alinyongwa Pangani.

Watu wa mwambao huu, kuanzia Tanga hadi Bagamoyo, wameisikia habari hii upande wa bunduki. Iko pia upande wa hesabu, na huko ndiko kwenye funzo kwa yeyote anayepigania serikali isiyozidi kimo: kodi chache, vibali vichache, maofisa wanaojibu kwa waliowachagua. Kule Berlin walikuwapo watu waliozipinga zile marki milioni 2. Tunahitaji kujua walishindwaje, maana namna walivyoshindwa imejirudia London, Washington na hata Dodoma.

Wawili kati yao wanafaa kutajwa. Ludwig Bamberger alikuwa mjuzi wa mambo ya benki, na mwaka 1880 alikuwa mstari wa mbele kuuangusha bungeni muswada wa kuidhamini kampuni ya mashamba huko Samoa kwa fedha za umma. Eugen Richter alikuwa kiongozi wa waliberali wa mrengo wa kushoto, mtu aliyesoma bajeti mstari kwa mstari na kumsumbua Kansela Bismarck kwa tarakimu mwaka hadi mwaka. Wote wawili walitaka dola ndogo, na wote wawili walijua kwamba dola inayokwenda ng'ambo hairudi na ukubwa ule ule.

Bismarck mwenyewe hakuanza kwa kutaka koloni la kula hazina. Mpango wake ulikuwa kumpa mfanyabiashara hati, kisha kumwachia gharama. Hati ya Kaiser ya 27 Februari 1885 iliipa kampuni ya Carl Peters mamlaka juu ya sehemu za bara, kwa nguvu ya mikataba ambayo machifu wengi hawakujua maana yake. Kwa sikio la mtetezi wa serikali ndogo mpango huo ulipendeza: hakuna gavana, hakuna jeshi, hakuna fungu la bajeti. Kasoro yake ilikuwa kwamba kampuni ilipewa meno ya serikali bila kubebeshwa hasara ya serikali.

Aprili 1888 kampuni ikasaini na Sultan Khalifa wa Zanzibar mkataba wa kuendesha forodha na utawala wa pwani kwa jina lake. Agosti ikaja kuchukua. Pangani, mwakilishi wake Emil von Zelewski aliita askari wa majini kutoka meli ya kivita, bendera ya Sultan ikashushwa, na liwali akadharauliwa mbele ya watu wake. Wenyeji walidaiwa ushuru chini ya usimamizi mpya na kutakiwa kuthibitisha kwamba mashamba yao ni yao. Ndani ya wiki chache pwani nzima ikawaka, Tanga hadi Lindi, na kampuni ikabakiwa na miji miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Kampuni isiyoweza kulinda mkataba wake ina njia mbili, kufilisika au kuita dola. Iliita dola.

Hapa Tanga jambo hilo hilo lilitokea kwa reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza 1893 mikononi mwa kampuni binafsi. Ulipofika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 hivi, fedha zilikuwa zimekauka. Mwaka 1899 serikali ikaichukua, na reli ikafika Mombo mwaka 1905 kwa fedha za umma. Faida ingepatikana ingekuwa ya wenye hisa. Hasara ilipopatikana ikawa ya walipa kodi. Naweka mkazo hapa kwa sababu watetezi wengi wa serikali ndogo bado wanadhani kazi ya dola ikipewa kampuni dola imepungua. Kampuni yenye hati, ukiritimba na ahadi ya kuokolewa ni dola iliyovaa kanzu ya mfanyabiashara. Swali la kuuliza kabla ya kupiga makofi ni moja: ikishindwa, nani analipa, na je, jibu hilo limeandikwa kwenye mkataba?

Turudi Berlin. Ili kupitisha marki milioni 2, Bismarck alihitaji kura za Zentrum, chama cha Wakatoliki kilichoongozwa na Ludwig Windthorst. Chama hicho hakikuwa rafiki wa dola kubwa. Kwa miaka mingi Bismarck alikuwa amefunga maaskofu, amefukuza watawa na kuingilia shule zao, kwa hiyo kilijua vizuri mamlaka isiyo na mpaka inafanya nini. Hesabu ya Richter na Bamberger, ikichanganywa na kumbukumbu ya Zentrum, ingetosha kuukwamisha muswada.

Kilichovunja ushirika huo ni utumwa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Afrika, na tarehe 27 Oktoba ukafanyika mkutano mkubwa mjini Köln. Desemba, Windthorst mwenyewe alipeleka bungeni hoja ya kuchukua hatua. Serikali ikaipokea kwa mikono miwili, ikaunganisha "kupambana na biashara ya watumwa" na "maslahi ya Wajerumani" katika kichwa kimoja cha sheria, na kura zikatimia.

Utumwa ulikuwa uovu wa kweli. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na wamisionari waliofika huko 1868 walikuwa wakikomboa watu. Mtetezi wa serikali ndogo anayejibu mateso ya namna hiyo kwa kusema "ni gharama" atashindwa, na ni haki ashindwe. Hoja kubwa ya Bamberger ilikuwa kwamba biashara ya pwani hii haina thamani ya kutosha kuhalalisha matumizi. Ilikuwa kweli kihesabu, na haikumgusa mtu yeyote aliyetoka kwenye mkutano wa Köln.

Hoja ambayo ingegusa ilikuwa hii: onyesheni katika muswada ni kipengele gani kinachomwachia mtumwa huru. Hakikuwapo. Utawala wa Kijerumani haukuwahi kuufuta utumwa hapa. Uliweka taratibu za kujikomboa na kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kufutwa kabisa kulikuja 1922, chini ya Waingereza. Fedha ziliombwa kwa jina la mtumwa, na miaka 33 ilipita kabla sheria haijamwachia.

Basi huo ndio ufa wa kwanza ambao siasa ya kuingilia nchi za watu huutia katika harakati za kupunguza dola. Haianzi kwa kuwashambulia wenye hesabu. Inawachukua wenye huruma waliokuwa upande wao, inawapa sababu njema, na wenye hesabu wanabaki peke yao wakionekana mabahili.

Ufa wa pili ni wa woga. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani iliomba marki milioni 29 za nyongeza kwa vita vya kuwaangamiza Waherero na Wanama huko Namibia ya leo. Bunge likakataa. Kansela Bülow akalivunja tarehe 13 Desemba na kuitisha uchaguzi wa Januari 1907, uliogeuzwa kuwa swali la nani anaipenda nchi na nani haipendi. Wasoshalisti, waliopinga, walishuka kutoka viti 81 hadi 43. Richter alikuwa amefariki Machi 1906, na kabla ya mwaka kupita chama chake mwenyewe kilikwishaingia kambi ya Bülow. Miaka zaidi ya 20 ya kubana matumizi ilibadilishwa kwa nafasi ya kukaa upande wa serikali katika uchaguzi mmoja. Hakuna aliyekanusha tarakimu za Richter. Waliacha tu kuzisoma.

Ufa wa tatu ndio unaotuhusu sisi zaidi, kwa sababu ulilipwa huku. Kwa mkataba wa Novemba 1890 kampuni iliacha utawala, na kuanzia 1 Januari 1891 serikali ikatawala moja kwa moja. Kampuni haikuondoka mikono mitupu. Ilikubaliwa ilipwe marki 600,000 kila mwaka kutoka mapato ya forodha ya pwani. Soma tena hapo: kampuni iliyochokoza vita ililipwa kwa ushuru wa bandari za watu waliopigwa vita hivyo.

Forodha haikutosha. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya shamba, na ya mjini ikawa juu zaidi. Asiyekuwa na fedha alifanya kazi. Akida na majumbe wakageuka wakusanyaji. Mwaka 1905 kodi hiyo ikageuzwa kuwa ya kichwa, na Julai mwaka huo Maji Maji ikaanza kusini. Wajerumani waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza hawakuifuta. Waliiandika upya katika sheria yao ya 1922. Baada ya uhuru ilifutwa 1969, ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na mgambo wakawa wakikamata wanaume njiani kwa kukosa risiti. Ilifutwa 2003. Wissmann hakuiona siku hiyo, Bülow hakuiona, na bendera zilikuwa zimebadilishwa mara kadhaa. Maji ya bamvua hujaa na kupwa. Kodi ya vita hujaa isipwe.

Waingereza waliwahi kuipwesha, mara moja, na namna walivyofanya inafaa kusomwa kwa makini kuliko maandiko mengi ya nadharia.

Kodi ya mapato ya Uingereza ilianzishwa 1799 na waziri mkuu Pitt kwa ajili ya vita na Ufaransa. Ilisimama 1802, ikarudi 1803, ikafika asilimia 10. Sheria yake ilisema wazi kwamba itadumu wakati wa vita na kukoma tarehe 6 Aprili baada ya amani kuthibitishwa. Amani ilipokuja, serikali ikataka kubaki na nusu yake, asilimia 5. Wapinzani hawakuandika vitabu. Walikusanya maombi kutoka miji, kaunti na vyama vya wafanyabiashara, mamia ya maombi, na mbunge Henry Brougham na wenzake wakayawasilisha bungeni moja moja, usiku baada ya usiku, kila ombi likizua mjadala wake. Wiki zikapita bila serikali kuweza kupiga kura. Machi 1816 kura ilipopigwa, serikali ilishindwa kwa tofauti ya kura 37, na bunge likaamuru kumbukumbu za kodi ziharibiwe.

Walishinda kwa sababu nne zilizokutana. Kodi ilikuwa na jina lake peke yake, haikufichwa ndani ya nyingine. Sheria ilikuwa na tarehe ya kufa. Vita vilikuwa vimekwisha kweli, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuitwa msaliti. Na walioomba walikuwa watu wa mahali, wanaojulikana, si kundi moja la mji mkuu. Ondoa hata moja kati ya hizo na sidhani kura 37 zingepatikana.

Mwaka 1842 waziri mkuu Peel akairudisha, kwa miaka 3 tu, alisema, peni 7 kwa kila pauni, ili kuziba pengo ambalo vita vya Afghanistan na China vilikuwa vimelipanua. Mwaka 1853 waziri wa fedha Gladstone akachora mpango wa kuishusha hatua kwa hatua hadi ifutwe 1860. Mwaka uliofuata Uingereza ikaingia vita vya Crimea: peni 7 zikawa 14, na 1855 zikawa 16. Mpango wa kufuta ulikufa bila kufanyiwa mazishi. Kodi hiyo ingali hai leo, na hadi leo bunge la Uingereza huipitisha upya kila mwaka kama jambo la muda.

Katika kipindi hicho hicho Richard Cobden na John Bright, waliokuwa wameongoza vuguvugu la kufuta ushuru wa nafaka na kushinda mwaka 1846, walikuwa ndio watu mashuhuri wa serikali ndogo nchini humo. Walipinga vita vya Crimea. Machi 1857 hoja ya Cobden ya kulaumu vita vya China ilishinda bungeni kwa kura 263 dhidi ya 247. Waziri mkuu Palmerston akaitisha uchaguzi, na wote wawili wakapoteza viti vyao. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu nchi nzima iwashangilie kwa mkate wa bei nafuu.

Habari za Marekani nitazipitia kwa haraka kwa sababu zinasomwa sana. Kodi ya simu iliyoanza 1898 kwa vita na Hispania ilifutwa na kurudishwa zaidi ya mara moja, na upande wa simu za masafa marefu haikuondolewa hadi 2006. Utaratibu wa kukata kodi kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaugusa ulikuja 1943, katikati ya vita. Walipa kodi ya mapato walikuwa takriban milioni 4 mwaka 1939, na vita vilipokwisha 1945 walikuwa wamezidi milioni 40. Vita viliisha, makato yakabaki, na mtu asiyeiona kodi ikitoka mfukoni ni vigumu kumwita mkutanoni. Sheria ya ulinzi iliyopitishwa siku 45 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ilikuwa na vifungu vya ukomo wa mwisho wa 2005. Vikaongezwa, vikaongezwa tena, na kimoja kilichohusu kukusanya kumbukumbu za watu kilidumu, kwa marekebisho, hadi 2020. Wapo wanaosema basi ukomo haufai. Mimi naona kinyume: bila tarehe ile, hata huo mjadala wa kila baada ya miaka michache usingekuwapo.

Sasa kwetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Kujilinda kulikuwa haki, na hakuna mtetezi wa serikali ndogo mwenye akili timamu anayetaka serikali isiyoweza kulinda mpaka. Lakini kuvuka mpaka, kuiondoa serikali ya jirani na kukaa huko hadi 1981 kulikuwa na bei. Makisio yaliyotajwa ni takriban dola milioni 500. Malori ya watu yalichukuliwa kubeba askari, na jeshi pamoja na mgambo lilizidi watu laki moja. Wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18.

Miezi hiyo ilizidi. Si vita peke yake: bei ya mafuta ilipanda 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na vijiji na mashirika ya umma yalikuwa na matatizo yake. Anayekuambia kila foleni ya sukari ilitokana na Kagera anakudanganya. Hata hivyo upungufu ulileta ulanguzi, ulanguzi ukaleta msako wa 1983, na msako ukaleta sheria ya uhujumu uchumi iliyorudi nyuma kuadhibu matendo yaliyotangulia. Mwaka 1984 ikabadilishwa na sheria ya uhujumu uchumi na makosa ya kupanga, ambayo bado inatumika, na mshtakiwa wa kosa la uhujumu leo bado anapata dhamana kwa shida kuliko mtuhumiwa wa kawaida. Vita, upungufu, msako, sheria. Mlolongo huo ulichukua miaka 6, na mwisho wake umetuzidi umri wengi wetu.

Linganisha na tozo za miamala ya simu. Julai 2021 zilianza, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Watu walilalamika sokoni, kwenye vyombo vya habari na kwa wabunge. Septemba mwaka huo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikashushwa tena. Hakukuwa na adui mpakani, kwa hiyo aliyelalamika alikuwa mlipa kodi tu. Lau tozo ile ile ingetangazwa kuwa ya kugharimia askari wetu walioko nje, nani angesimama katika kikao cha kata Ngamiani au Makorora kusema imezidi?

Kazi inayofanyika wakati wa amani

Kwa hiyo kikundi cha Tanga, Pangani, Muheza au Bagamoyo kinachotaka kodi na vibali vipungue hakiwezi kuishia kwenye ushuru wa halmashauri. Wengi huishia hapo kwa sababu unaonekana. Na ni kweli una mafanikio yake: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na asafirishaye chini ya tani moja akasamehewa. Mkulima wa machungwa wa Muheza anayejua kipengele hicho cha tani moja hupita kizuizini bila kubembeleza. Lakini maamuzi makubwa ya ukubwa wa dola yako kwingine.

Anzeni na vitabu vya makadirio. Matumizi ya kawaida ya wizara yamo katika juzuu ya pili, ya maendeleo katika juzuu ya nne. Ngome, yaani jeshi lenyewe, ni Fungu 38, Jeshi la Kujenga Taifa ni Fungu 39, Wizara ya Ulinzi ni Fungu 57 na Mambo ya Nje ni Fungu 34. Chukueni jumla ya kila fungu kwa miaka 5 mfululizo, mziandike kwenye karatasi moja, matumizi ya kawaida upande huu na maendeleo upande ule. Msitafute undani zaidi ya uliochapishwa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kushika na kusambaza taarifa za siri, na kikundi cha raia hakina sababu ya kuigusa, maana jumla zilizochapishwa zinatosha kuonyesha mwelekeo. Kosa linalofanywa sana ni kulinganisha tarakimu bila kuondoa mfumuko wa bei: fungu likipanda asilimia 4 na bei zikapanda asilimia 4, halijapanda. Mbunge atakayelishika kosa hilo hatawasikiliza tena.

Kisha Katiba. Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, na Spika anatakiwa kuitisha Bunge ndani ya siku 7 ili lifikirie kuunga mkono au la. Ibara ya 32 inahusu hali ya hatari: Bunge linaitwa ndani ya siku 14, azimio linahitaji theluthi mbili, na tamko hukoma baada ya miezi 6 lisipoongezwa. Hivyo ni vikomo vizuri. Vinahusu matamko, lakini. Kupeleka kikosi nje chini ya Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika au SADC, kama Anjouan 2008 au brigedi iliyokwenda mashariki mwa Kongo 2013, hakuanzi kwa tamko la vita, na gharama yake hupita kwenye bajeti ya kawaida. Anjouan ilikwisha mapema. Kongo ilichukua miaka na ikachukua roho za vijana wetu. Ombi la haki kwa mbunge ni kwamba kila upelekaji uwe na taarifa bungeni yenye vitu vitatu: muda, kiasi kitakacholipwa na hazina yetu na kiasi kitakachorudishwa na taasisi iliyoomba. Hilo halimtukani askari yeyote. Linamlinda.

Kalenda nayo ni silaha. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa mezani bungeni Aprili. Bunge la bajeti huketi Aprili hadi mwisho wa Juni, hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, na Muswada wa Fedha hupita siku chache tu baadaye. Anayeamka siku ya hotuba amechelewa miezi 3. Barua kwa Kamati ya Bajeti, na kwa Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ziwe zimefika mapema, kurasa 2 zisizidi, ombi moja kwa barua moja, na maneno ya marekebisho yawe yameandikwa tayari. Mfano wa maneno hayo: "Kifungu hiki kitakoma kutumika tarehe 30 Juni ya mwaka wa pili tangu kuanza, isipokuwa Bunge litakapokiongezea muda kwa muswada mpya." Kataeni "hadi hali itakapotengemaa". Hali haitengemai yenyewe. Kuna mtu atakayeamua kama imetengemaa, naye ndiye anayekusanya. Ombeni pia mapato ya kodi ya dharura yaingie akaunti yake yenyewe inayokaguliwa peke yake, ili siku ya kuifuta ijulikane inafutwa nini. Hilo ndilo lililowasaidia watu wa 1816.

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Baraza la madiwani huketi kila robo mwaka na mwananchi anaweza kuhudhuria, na halmashauri inayotaka kutunga sheria ndogo hutakiwa kutangaza kusudio na kupokea maoni. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni kila miezi 3. Maazimio ya vijiji 10 vya Pangani, yenye muhuri na saini za wenyeviti, yana uzito kuliko tamko moja refu la kikundi kilichojiundia jina mjini.

Jambo la mwisho ni la wenzenu wasiokuwa wa mrengo wenu. Shekhe, padri, chama cha wavuvi, umoja wa wastaafu wa jeshi: zungumzeni nao sasa, wakati hakuna vita, juu ya mateso ya nchi jirani na nini kinaweza kufanywa bila kuitanua dola. Wakimbizi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa mfano, wanaweza kupokelewa, kulishwa na kusomeshewa watoto kwa zaka, sadaka na michango ya hiari. Kikundi ambacho tayari kina mfuko wa namna hiyo, wenye daftari lililo wazi na mweka hazina anayejulikana, kitakuwa na jibu muswada wa aina ya 1889 utakapoletwa na jina zuri juu yake. Bamberger hakuwa na mfuko huo. Alikuwa na tarakimu sahihi tu, na upande wa pili wa bahari gari la fedha lilikuwa limekwishapakiwa kuja Bagamoyo.